Pumu, Mbavu na Kukandwa: Maswali Yenu Kuhusu Osteopathia

Wengi mmeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu akikandwa mgongo na mbavu, je, pumzi itafunguka? Tumechukua maswali sita kuhusu osteopathia, yaani tiba ya kukanda na kusogeza misuli na viungo kwa mikono.

Rafiki yangu anasema osteopathia inaponya pumu. Niache inhela? (Kondele, Kisumu)

Usiache. Ugonjwa wa pumu uko ndani ya mirija ya hewa: ukuta umevimba, misuli inayoizunguka imejikaza, na makohozi mazito yamejaza nafasi iliyobaki. Mkono haufiki huko. Osteopathia, iliyoanzishwa Marekani na Andrew Taylor Still mwaka 1874, hushughulika na kinachoizunguka mirija: jozi 12 za mbavu, pingili za mgongo zilizoshikana nazo, kiwambo (msuli mpana ulio chini ya mapafu, unaovuta hewa ndani) na misuli ya shingo.

Hata hivyo rafiki yako hakutunga kila kitu. Mirija ikibana, hewa hunasa ndani, kifua hubaki kimejaa na kiwambo hubanwa chini kikawa bapa. Hapo shingo na mabega hulazimika kuinua mbavu, kazi ambayo si yao kwa siku nzima. Ndiyo sababu mwenye pumu huamka mabega yakimuuma kama aliyebeba gunia. Maumivu hayo na ugumu huo ndio mtaalamu anaoweza kupunguza. Kuhusu pumu yenyewe, tafiti ni chache, nyingi ni ndogo, na matokeo yake hayakubaliani.

Na ikiwa inhela ya buluu, ile ya kufungua kifua, unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, tatizo halijadhibitiwa. Rudi kliniki uulize kuhusu ile ya kila siku ya kupunguza uvimbe, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia.

Ukilala pale mezani wanakufanyia nini hasa? (Free Area, Nakuru)

Kwanza maswali: dawa unazotumia, kukohoa damu, kuanguka, upasuaji. Kisha huangalia ukivuta pumzi: ni ubavu upi hausogei, ni bega lipi linapanda. Baada ya hapo huweka vidole gumba chini ya ukingo wa mbavu, hungoja utoe pumzi, na kushuka taratibu pamoja nayo ili kulegeza kiwambo. Misuli ya pembeni mwa shingo, ile inayojishika kwenye ubavu wa kwanza na wa pili, huvutwa polepole. Pingili za mgongo wa kifua husukumwa kidogo kidogo. Unaweza kusikia mlio; mlio si dalili ya kupona, wala kukosekana kwake si hasara. Siku moja au mbili za kuhisi uchovu au maumivu madogo ni kawaida. Maumivu makali ya ubavu unapovuta pumzi si kawaida, nenda ukaangaliwe.

Mama yangu, miaka 60, amekaanga samaki Obunga miaka mingi. Sasa hapandi ngazi bila kusimama. Nimpeleke akandwe? (Kisumu)

Mpeleke kwanza akapime kupuliza, kipimo cha nguvu na kiasi cha hewa anayotoa. Moshi wa kuni wa miaka mingi huharibu mapafu hata ya mtu asiyewahi kushika sigara. Pia moyo na damu vichunguzwe, maana navyo hukata pumzi.

Akikutwa na ugonjwa sugu wa mapafu, kuna mbinu moja ya kuwa nayo makini: ile ya kusukuma kifua kwa viganja kwa mdundo wa haraka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima wazee wenye ugonjwa huo mara baada ya matibabu ya osteopathia yaliyokuwa na mbinu hiyo. Hewa iliyonasa ndani iliongezeka, ilhali wengi wao walisema wanajisikia nafuu! Kujisikia nafuu na kupumua vizuri si lazima viende pamoja. Tena, kama amemeza vidonge vya steroidi muda mrefu mifupa yake inaweza kuwa dhaifu, na ubavu huvunjika kwa nguvu ndogo. Aseme hilo kabla ya kuguswa.

Nyumbani afanye hivi bila malipo. Aketi, ainame mbele, viwiko vikae juu ya mapaja. Mkao huo hupumzisha mabega. Avute hewa puani kwa hesabu ya mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kwa hesabu ya nne. Kubana midomo huzuia mirija dhaifu isijifunge kabla hewa haijatoka. Akiishika vizuri, aongeze leso: aifunge kwenye mbavu za chini, ashike ncha mbili, aikaze kidogo anapotoa pumzi, kisha avute hewa akiisukuma leso kwa pembeni, si kwa juu. Pumzi tano, apumzike, mara mbili kwa siku. Kizunguzungu kikija aache. Amepumua haraka kupita kiasi.

Na jiko litoke nje, au liwe chini ya paa lililo wazi pande zote. Mbinu zote hizo haziwezi kuushinda moshi.

Mashamba ya miwa yakichomwa, mtoto wangu wa miaka sita hubanwa kifua. Nyanya yake humkanda kwa mafuta. (Muhoroni)

Mafuta hayana neno yakikaa mgongoni. Yasiingie puani wala mdomoni. Lakini wakati wa kubanwa usipoteze dakika kwa kukanda. Mtoto anahitaji inhela yenye chupa, ile inayokaa kati ya inhela na mdomo, maana inhela ikitumiwa peke yake dawa nyingi huishia ulimini.

Kama huna chupa hiyo ya dukani, chukua chupa safi ya plastiki ya mililita 500. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, uubandike kwenye kitako cha chupa hadi uyeyushe tundu. Ingiza inhela plastiki ikiwa bado laini ili ibane. Hewa ikipenya pembeni, dawa hupotea. Mtoto huweka shingo ya chupa mdomoni. Osha chupa kwa maji ya sabuni ya vyombo, iache ijikaushe bila kuifuta: ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme unaonasa dawa ukutani. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, apumue pole mara tano, ndipo ubonyeze tena. Kubonyeza mara tatu mfululizo ni kosa tunaloliona kila mara.

Ngozi kati ya mbavu ikizama ndani, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, ni hospitali papo hapo, huku ukiendelea kumpa dawa njiani.

Nimekohoa wiki tatu, mgongo unauma. Nianze na osteopathia? (Molo)

Anza na kipimo cha makohozi. Kikohozi kilichopita wiki mbili hupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure katika vituo vya umma.

Nitajuaje mtaalamu wa kweli? (Kakamega)

Muulize alisomea wapi na kwa saa ngapi. Kiwango kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa anayeanza bila ujuzi wa tiba ni saa 4,200, na angalau 1,000 kati yake akiwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Cheti cha wikendi mbili hakifiki hapo. Wataalamu wa namna hii si wengi huku kwetu, kwa hiyo usione haya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya kaunti: naye hufundisha kupumua na kutoa makohozi, na Kenya ina baraza la kuwasajili, hivyo unaweza kuomba kuona namba yake ya usajili.