Idadi ya makala si kipimo

Mwalimu, umeuliza iwapo mtafiti wa vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani apimwe kwa wingi wa makala. Hapana. Waambie vijana wako hapo Tabora habari za wanafizikia Bednorz na Müller, waliokuwa maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM karibu na Zurich, Uswisi. Makala yao moja ya 1986 ilihusu kauri, yaani kitu cha kuchomwa kama vyombo vya udongo, yenye madini ya lanthani, bariamu na shaba. Ukinzani ulianza kuporomoka kwenye nyuzi -238 za Selsiasi hivi. Kauri, jamani, si chuma! Mwaka uliofuata wakapata Nobel. Cha kuangalia ni kama wengine wamerudia kipimo wakapata vilevile. Matokeo ya hao wawili yalithibitishwa na watafiti wa Tokyo kabla 1986 haijaisha, walipoona kauri ile ikifukuza uga wa sumaku, ambayo ni alama ya vitu vya aina hii.