Somo Anajibu: Mtoto aliyeanza kulia

SWALI

Shikamoo Somo. Mimi ni mzaliwa wa Barani, Malindi, lakini barua hii naiandika nikiwa Entebbe, Uganda. Mimi na mume wangu tunaasili mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Mahakama bado haijatoa amri. Kwa sasa tunaye kwa malezi ya muda, na huu ni mwezi wa tatu tangu tumchukue katika makao ya watoto. Mume wangu amerudi kazini Malindi. Nimebaki na mtoto katika vyumba viwili vya kupanga.

Wiki za mwanzo kila mtu alinisifia. Halii, analala bila kubembelezwa, anakwenda kwa yeyote anayemnyooshea mikono. Lakini usiku nikiamka namkuta amekaa kitako gizani, anajitikisa mbele na nyuma, kimya. Tena anaficha chakula. Juzi nimetoa viazi vitamu vilivyochacha chini ya mto wake.

Sasa mambo yamegeuka. Wiki mbili hizi nikiingia tu msalani analia mpaka sauti inamkauka, na nikitoka ananipiga usoni. Mama mkwe ananiambia kwa simu kwamba nimemdekeza, niajiri yaya nipumzike, na Krismasi nije naye Malindi jamaa wamwone. Chakula hakinipiti. Afisa wa ustawi akimkuta katika hali hii si atasema sifai? Nimekosea wapi?

Mama Anayengoja, Entebbe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu machozi yalinitoka kwa furaha. Kilio hicho kinachokunyima kula ndicho ambacho mimi ningekuwa nakiombea.

Mtoto hulia kwa sababu anajua kuna mtu atakuja. Katika makao, yaya mmoja ana vitanda vingi mbele yake. Mtoto analia leo, haji mtu. Analia kesho, haji mtu. Baadaye ananyamaza, na kujitikisa kunakuwa ndiko kujibembeleza kwake. Ule utulivu uliosifiwa ulikuwa wa mtoto aliyekwisha kukata tamaa. Sasa amepata mtu wa kumpoteza, na kila mlango unaokuficha unamtisha. Anakupiga kwa sababu ulimwacha, na kwa sababu anaamini kwamba kwako anaweza kukasirika.

Nikueleze nililojifunza kwa kukosea. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Malindi kwa miaka mingi. Kabla serikali ya Kenya haijasimamisha wageni kuasili watoto wetu, Novemba 2014, walikuwapo Wataliano waliokuja kwa jambo hilo. Sheria ya wakati ule iliwataka wakae na mtoto humu humu nchini miezi 3 mfululizo kabla ya kupeleka maombi mahakamani. Mama mmoja alipanga nyumba jirani yangu, Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Alikuwa na kisichana cha miaka miwili, kitulivu kama chako. Aliniuliza afanye nini, nami nikamjibu kama tulivyolelewa sisi: mtoto ni wa mtaa mzima, mwache azoee watu. Majirani wakambeba, mimi nikamlisha, nikamtafutia na msichana wa kumsaidia.

Alasiri moja tulikuwa ufukweni karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Akapita mtu na ndoo ya samaki. Kile kisichana kikainuka, kikatia mkono wake katika mkono wa yule mtu na kuondoka naye. Hakikugeuka nyuma hata mara moja. Yule bwana alikuwa mtu mwema, alimrudisha. Lakini nilimwona mama yake uso umempauka, nikajua ushauri wangu ulikuwa mbaya. Mtoto wetu wa mtaa huzaliwa na mama yake, ananyonya, anamjua, ndipo mtaa unaongezwa juu yake. Huyu tulimpa mtaa kabla hajapata mama.

Tukaanza upya. Kwa miezi miwili hakuna aliyemlisha, aliyemwogesha wala aliyemlaza ila mama yake. Sisi tulipika, tukafua, tukaenda sokoni. Siku moja alianguka uani kwangu, goti likachubuka. Nilikimbia nikiwa nimefungua mikono. Akanisukuma, akanipita analia, mpaka kwa mama yake.

Basi nawe fanya hivyo. Ukipata msaidizi, mpe nguo, sufuria na kikapu cha sokoni. Kulisha, kuogesha na kulaza viwe vyako. Majirani wamsalimie akiwa mgongoni mwako; leso ndiyo mbeleko, na mtoto wa umri huo bado anabebeka. Unapokwenda msalani usimtoroke. Mwambie, acha mlango wazi kidogo, imba asikie uko wapi, kisha rudi kama ulivyosema. Akinyanyua mkono kukupiga, ushike kwa upole, mwambie umerudi. Usiku laleni chumba kimoja, kitanda chake karibu na chako, kila mmoja na chandarua kinachofika chini. Ukimkuta anajitikisa usimkemee. Mwekee kiganja mgongoni mpaka mwili ulegee. Itachukua siku nyingi.

Hukuniandikia mnaongea lugha gani. Masikio yake yamezoea Kiganda, basi mwachie maneno yake: mwambie “jangu” unapomwita, “mazzi” unapompa maji, na Kiswahili kifuate pole pole. Jina analoitikia pia msilibadilishe. Sisi Waislamu tuna kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine, ambayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua, na ndani yake mtoto hubaki na nasaba yake. Nyinyi mmeshika njia ya kuasili, lakini kwa jina nadhani hekima ni ile ile: amekwisha kupoteza vingi.

Kadhalika chakula. Najua hamu yako ya kumpikia wali wa nazi. Utakuja wakati wake. Kwanza mpe alichozoea, posho, yaani ugali wa huko, na maharagwe, matoke, uji, kisha badilisha kitu kimoja kimoja. Mukene, dagaa wale wadogo wa ziwani, wasage unga na kutia kijiko katika uji. Ni kitoweo cha bei nafuu na watoto hukizoea upesi. Kliniki wakimpima mkono kwa utepe, sentimita 12.5 na zaidi ni kijani, yaani hajakonda vibaya. Chini ya hapo waombe wamfuatilie. Akipata homa, apimwe malaria siku ile ile, usibahatishe dawa za dukani. Na usimwogeshe ziwani hata maji yaking'aa vipi, kwa ajili ya kichocho.

Afisa wa ustawi asikutie hofu. Sheria ya watoto ya Uganda, kwa marekebisho ya 2016, inamtaka mgeni awe amekaa nchini mwaka mmoja na kumlea mtoto mwaka mmoja chini ya uangalizi, ingawa Mahakama Kuu inaweza kulegeza. Wengi huulalamikia mwaka huo. Mimi naona ni wa mtoto zaidi kuliko wa mahakama. Yule jirani yangu alihitaji karibu muda wote aliokuwa nao kurekebisha kosa langu tu. Nunua daftari, andika kila siku alilala saa ngapi, alikula nini, alilia wapi na alinyamaza vipi. Afisa akija msomee, pamoja na vipigo.

Krismasi usije. Mtoto bado si wenu kisheria, na kumvusha mpaka wa Busia bila ruhusa ya mahakama kunaweza kuharibu kesi nzima. Baba aje huko, na akifika asimbebe siku ya kwanza. Akae sakafuni karibu, amngoje. Kabla ya hapo apige simu kila jioni saa ile ile, amwimbie wimbo mmoja huo huo. Siku ya kurudi ikifika, kumbuka kadi ya homa ya manjano: Kenya huidai kwa msafiri wa kutoka Uganda aliyetimiza mwaka mmoja, na chanjo iwe imechomwa siku 10 kabla. Mama mkwe mwambie nimesema mimi.

Nawe ule, mwanangu. Kaa naye mkeka mmoja, kuleni sahani moja, akuone unatafuna.

Viazi vya chini ya mto usivitoe mbele yake. Mwekee kibakuli karibu na kitanda, chenye kitu laini kisichochacha upesi, kipande cha mkate kwa mfano, ajue kipo hata usiku. Akisinzia mpitishie kidole mdomoni, maana watoto hawa hulala na tonge shavuni, na linaweza kumpalia. Kisha akizama usingizini toa kile kilichoharibika, uweke kipya pale pale alipokificha.