Nina miaka 41, sijawahi kushika mimba, niende moja kwa moja kupandikiza mimba (IVF)?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nakaa Tabata, nina miaka 41, niliolewa nikiwa na 38 na mpaka leo sijawahi kushika mimba hata moja. Siku zangu zinakuja vizuri tu kila mwezi. Dawa za kusafisha kizazi nimekunywa mpaka nimechoka, ya mwisho nilinunua Kariakoo, imewekwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, chungu balaa, nikaharisha siku tatu. Mume wangu ana mtoto wa miaka 15 aliyempata kabla yangu, kwa hiyo anasema yeye yuko sawa hapimi. Mawifi ndo usiseme. Rafiki yangu kanambia niende tu kupandikiza, je kwa umri huu inawezekana?
Mdogo wako, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hizo chupa acha leo leo. Kizazi kinajisafisha chenyewe kila mwezi kwenye hedhi, na kama mirija inayopitisha yai kwenda kwenye kizazi imeziba kwa maambukizi ya zamani ya nyonga, jambo ambalo huku kwetu ni la kawaida sana, hakuna mizizi ya kunywa itakayoizibua. Na kinachoniuma hapo sio hela, ni miezi uliyopoteza. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, hayaongezeki, kuanzia 35 hivi yanapungua kwa kasi na ubora unashuka, ukifika 40 nafasi ya kushika kwa mwezi mmoja ni kama asilimia 5 tu. Ndo maana wa chini ya 35 anaambiwa ajaribu mwaka mzima kabla ya kwenda kupima, aliyepita 35 miezi 6, na wa 40 aende mapema. Hedhi kuja kwa wakati haina maana mayai bado ni mazuri, hili wengi hawalijui.

Sasa mume wako. Mtoto wa miaka 15 anaonyesha mbegu zilikuwa nzuri enzi hizo, za leo hatuzijui. Nimekaa kliniki miaka mingi, nimeona wanawake wanamaliza vipimo vyote, mwisho mume anakubali kupima na tatizo linakutwa kwake. Wewe utalazwa kitandani, dawa iingizwe kwenye kizazi upigwe picha ya mirija, inauma kama tumbo la hedhi kali, wakati yeye ni kukaa siku 2 mpaka 7 bila tendo, kutoa kwenye kikopo, na kikopo kifike maabara ndani ya saa moja. Basi. Usimwambie "nenda kapime", mwambie "twende tukapime", aingie na wewe kwa daktari.

Kupandikiza kunawezekana ila usianzie hapo. Pima kwanza homoni ya AMH inayoonyesha akiba ya mayai, ultrasaundi na mirija. Vidonge vya kukomaza mayai kama klomifeni vinamsaidia zaidi ambaye mayai hayatoki, wewe mwenye siku zinazoeleweka ukipewa tu miezi na miezi bila vipimo, uliza kwa nini.

Kwenye kupandikiza unachomwa sindano za homoni kama siku 10 mpaka 12, mayai yanavunwa kwa sindano kupitia ukeni, yanakutanishwa na mbegu maabara, halafu kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kinarudishwa kwenye kizazi siku ya 3 au ya 5, ndo unaanza zile wiki mbili za kusubiri ambazo hamna anayelala. Nikwambie ukweli ili usiuze kiwanja ukiwa hujui: kwa miaka 41 na mayai yako mwenyewe, raundi nyingi hazishiki, na zikishika mimba kuharibika ni kwingi kuliko kwa binti wa 28. Nafasi inapanda sana ukitumia mayai ya kuchangiwa na mwanamke mdogo, kwa sababu kinachozeeka zaidi ni yai, kizazi bado kinaweza kubeba. Hilo mkae wewe na mumeo mliongee, pamoja na imani yenu, kabla ya kulipa chochote, na mawifi wasiwepo. Kabla ya kulipa uliza pia pale kituoni, wanawake wa umri wako wangapi wametoka na mtoto, sio wangapi wameshika mimba.

Anza foliki asidi maikrogramu 400 kila siku sasa hivi, pima presha na sukari, na hedhi ijayo ikianza andika tarehe, kuna homoni zinapimwa siku ya 2 au ya 3 na picha ya mirija ni siku chache baada ya kukauka.