Presha: kwa nini nipime wiki nzima?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46. Kliniki presha yangu ilisoma 146/92, na baba anayo pia. Daktari wa tiba asilia hajanipa dawa yoyote, ameniambia nipime nyumbani siku 7 na niandike kila ninachokula. Je, ananipotezea muda? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hapana, ameanza panapostahili. Kipimo kimoja hakitoshi. Hofu ya kliniki, hata kibofu kilichojaa, hupandisha namba. Pima asubuhi kabla ya chai, na jioni. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono mezani usawa wa moyo. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati. Angalia mkanda wa kipimo unaozungushwa mkononi: ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda bure. Acha za siku ya kwanza, piga wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85, presha ipo kweli.

Daftari la chakula ndilo litakaloufanya ushauri uwe wako. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Mla papa wa ng'onda huimaliza kwa mlo mmoja!

Rozela hushusha presha kidogo. Ukianzishiwa vidonge, mtajie daktari kuwa unainywa, maana vikiungana presha inaweza kushuka mno. Balungi na nifedipini (dawa mojawapo ya presha) visikutane kabisa.

Presha ikifika 180/120 ukiwa na maumivu ya kifua au ganzi upande mmoja, nenda hospitali saa hiyohiyo.