Mguu wa mama ulinifundisha limfu

Tulipokuwa wadogo kule Wete, Pemba, ukienda kwa bibi unachechemea, ukamwambia kinena kinauma, hakushughulika na kinena. Alikukalisha kwenye kibao, akauchukua mguu wako, akavipanua vidole kimoja kimoja mpaka apaone palipochubuka. "Mtoki hauji bure," alikuwa akisema. "Umejikwaa wapi?" Na hakosi kukuta kitu: mwiba, kipande cha chupa, dole gumba lililong'oka ukucha. Kidonda kikishaoshwa kikapona, mtoki nao hunywea.

Nimekaa miaka mingi nikilijua hilo bila ya kujua kwamba bibi alikuwa akiifuata njia ya limfu, yale maji ya mwilini yanayorudi kwenye damu kwa mishipa yake yenyewe. Nimekuja kuielewa kwa sababu ya tende la mama yangu, yaani matende, maradhi ya kuvimba mguu, na nayaandika haya kwa ajili yako wewe mwenye mama, baba au jirani ambaye mguu wake umevimba na watu wameshauzoea.

Damu ikifika kwenye vijishipa vyembamba kabisa, maji yake hupenya nje kuilisha nyama. Mengi hurudi kwenye damu papo hapo. Yanayobaki, kiasi cha lita 2 hadi 3 kwa siku, lazima yapate njia nyingine ya kurudi, vyenginevyo sote tungekuwa tumevimba mwili mzima. Njia hiyo ni mishipa ya limfu. Huanzia chini kidogo ya ngozi, ncha zake zimeziba, na seli za kuta zake zimepandiana kama makuti ya paa. Maji yakijaa nje, makuti huachia yakaingia. Yakitaka kutoka, hujifunga. Mbele zaidi mna vilango vya kwenda upande mmoja tu, tone moja la maji likishapanda lisirudi chini.

Njiani ndipo penye mitoki ya bibi. Kitaalamu ni tezi za limfu, nazo mwilini zinakisiwa kuwa 600 hivi: kinenani, kwapani, shingoni, na nyingi ndani ya kifua na tumbo. Kila tezi ni kituo cha ukaguzi. Seli nyeupe hukaa humo zikikagua maji yanayopita, na zikikuta vijidudu kutoka kwenye kidonda cha kidole, huzaliana kwa haraka kupambana navyo. Tezi hufura, huuma, na mtoto huja kwa bibi anachechemea. Mafindofindo na bandama wamo katika jamii hiyo hiyo, ingawa bandama huchuja damu, si limfu.

Kutoka miguuni limfu hupanda mpaka tumboni, mbele ya uti wa mgongo, ikakutana na ile inayotoka utumbo mwembamba. Hii ya utumbo, baada ya mlo wa mafuta, huwa nyeupe kama tui la kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta tunayokula hupitia huku kabla ya kufika kwenye damu. Mwaka 1622 tabibu wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa amekula karibuni, akaona nyuzi nyeupe zimetanda tumboni. Alidhani ni neva. Alipoukata mmoja ukamwagika kama maziwa. Mimi kila nikikamua nazi humkumbuka. Limfu yote hiyo hupanda kwa mfereji mmoja wa urefu wa sentimita 40 hivi, ikamwagikia kwenye mshipa wa damu chini ya mtulinga wa kushoto. Mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa na kifua vina mfereji wao mfupi.

Sasa jambo lililonibadilisha mimi: limfu haina moyo. Damu inasukumwa usiku na mchana, hata ukilala. Limfu husukumwa na mishipa yake yenyewe kujikaza kidogo kidogo, na pia na misuli ya mwili ikitembea, vigimbi vikikaza na kulegea, kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi. Mguu uliokaa kitako ukining'inia kutwa, limfu yake hulala.

Tende huanza na mbu anayeuma usiku. Hutia vijidudu vinavyokua kuwa minyoo myembamba kama uzi, ikafanya maskani ndani ya mishipa ya limfu na kuishi humo miaka 6 hadi 8. Mishipa hutanuka, vile vilango havifungi tena, maji hubaki mguuni. Lakini sikiliza hapa, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea: kinachoufanya mguu uzidi kuwa mkubwa mwaka hadi mwaka si minyoo peke yake. Minyoo huenda imekufa zamani. Ni bakteria wanaoingia kupitia nyufa baina ya vidole, kwenye mguu ambao maji yake hayapiti tena mbele ya wakaguzi. Mgonjwa hupata homa kali, baridi ya kutetemeka, mguu ukawaka kama kaa. Kila homa moja ikipita huacha mishipa michache zaidi imeharibika.

Mama alikuwa akipata homa hizo kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tulishampeleka mahali tukaambiwa tende halina dawa, tukarudi naye nyumbani kichwa chini. Usiku mmoja homa ilipomshika, mimi kwa mapenzi yangu nilichemsha maji na majani, nikamkanda na kumsugua kwa nguvu kutoka kifundo mpaka gotini. Alivumilia, hakusema kitu, alishika upindo wa kanga tu. Asubuhi ngozi imefanya malengelenge, na wiki nzima hakuinuka. Muuguzi wa kituo kingine ndiye aliyeniambia, kwa upole: homa ikiwepo usikande, usisugue, usimtembeze. Apumzike, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi, anywe maji kwa wingi, apelekwe apewe dawa ya kuua bakteria. Wala usimchanje chale. Kila chale ni mlango mpya.

Muuguzi yuleyule akanionyesha kuosha. Na nataka uone jinsi ilivyo kazi ndogo. Beseni, maji safi yasiyo ya moto, sabuni ya kawaida isiyokuwa kali. Unaanzia juu unashuka, kwa kiganja au kitambaa laini, si kwa dodoki wala jiwe. Kwenye mikunjo ya ngozi unapitisha kidole polepole. Ukifika kwenye vidole, kila upenyo unauosha peke yake. Unasuuza mpaka maji yawe meupe. Halafu kukausha, na huku ndiko kwenye kazi yenyewe: kipande cha kanga kuukuu iliyolainika, unakigusisha tu, bila ya kusugua, ukiingiza ncha baina ya vidole mpaka pakauke kabisa.

Tulipopaangalia hapo siku ya kwanza kwa tochi ya simu, baina ya kidole cha nne na cha tano palikuwa peupe, pameoza, pana ufa. Mama aliona haya. Anasali sala tano, anatawadha na kupitisha vidole kama inavyotakiwa, anasema, "Mwanangu, mguu wangu unaoshwa kuliko wa mtu yeyote nyumba hii." Na kweli. Ila ulikuwa haukaushwi. Anatoka kutawadha anavaa ndara, unyevu unabaki humo mpaka sala nyengine, na fangasi hupenda hivyo. Sasa kitambaa kikavu kinaning'inia kwenye msumari karibu na ndoo ya udhu, na ni chake pekee. Dawa ya fangasi ya kupaka tulipewa kituoni, na ule ufa ukafunga baada ya wiki chache.

Mengine ni mazoea. Akilala, mguu mzima unawekewa mto, si kisigino peke yake (mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza). Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi hamalizi nazi tatu bila ya kuinuka. Akikaa anakunja na kunyoosha kifundo, akisimama anajiinua kwa ncha za vidole ameshika ukuta. Kwenda shamba bila ya viatu, hapana. Mguu haukurudi kama wa ujana wake, na sitaki kukudanganya kuwa utarudi. Lakini homa zimemtoka: tangu tuanze, mwaka na nusu sasa, amepata moja tu, na ile ndogo.

Kwa wanaume, minyoo hiyo hiyo huleta mabusha. Tuache kusema yanaletwa na madafu. Baba zetu wanajificha ndani na kanzu pana kwa jambo ambalo daktari analitoa kwa upasuaji unaojulikana. Ukimuona mzee wako ameacha kwenda barazani bila ya sababu, muulize faraghani, au mtume kijana mwanamme anayemuamini.

Na zile dawa za kuzuia tende, zikija kugawiwa majumbani, tafadhali zimezeni. Visiwani kwetu ugawaji wa dawa hizo, ivermectin na albendazole, kwa umma ulianza mwaka 2001. Huwasafisha watoto wa minyoo walio kwenye damu, ambao usiku ndio hutoka kwa wingi, ndiyo maana zamani wapimaji walikuja kututoboa vidole usiku wa manane. Dawa hizo haziurudishi mguu wa mama. Zinaulinda wa mjukuu wake. Na mfunike makaro yenu, maana mbu huyu huzaa kwenye maji machafu. Makunduchi, kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa vipunje vyepesi vya plastiki vinavyoelea juu ya maji, mbu wakakosa pa kutagia, na watu wakapewa dawa pamoja na hayo. Maambukizi yalishuka sana.

Dada yangu, ukiwa umefanyiwa upasuaji wa titi na tezi za kwapa zikatolewa, haya ya ngozi na kuinua yanauhusu mkono wako pia. Na mtoki wowote ulio mgumu, usiouma, usionywea kwa mwezi, hasa juu ya mtulinga, au unaokuja na kukonda na jasho la usiku, usiukalie nyumbani. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni saratani, na yote mawili ni bora yajulikane mapema.

Msimu wa karafuu uliopita mama alikaa mkekani na wenzake kuchambua. Kila akijaza pakacha moja ananyoosha mguu, anakunja kifundo mara kumi, anaendelea. Jirani mmoja, ambaye mguu wake ameufunika kwa kanga miaka yote tunayomjua, akamuuliza anafanya nini. Mama akamwambia aje kesho asubuhi, na beseni lake.