Jezi namba tisa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ligi ya kulipwa inaweza kuhimili uchumi ukiyumba, maana klabu imekupa kazi ya kutafuta wadhamini na roho yako haijatulia. Inahimili. Swali lako limekwisha. Langu ni hili: inahimili kwa mgongo wa nani?

Haki za televisheni huuzwa kwa miaka kadhaa mbele, kwa hiyo fungu kubwa huendelea kuingia hata watu wakiwa wamefunga mikanda. Mchezaji ana mkataba unaomlinda. Wanaoanza kukimbia ni wadhamini, hasa mabenki na watengeneza magari, kisha makampuni yanayokodi vyumba vya kifahari uwanjani. Pengo hilo analiziba mfua jezi. Nimelisema mezani mpaka mama yako akaanza kunimalizia sentensi.

Mwaka 2008, msukosuko ulipoikumba Marekani, NBA, ligi yao ya mpira wa kikapu, iliwaondoa wafanyakazi wapatao 80, na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikatangaza kupunguza nafasi kama 150. Hao walikuwa watu wa ofisini, si nyota wa mabango. Utaniambia kamishna wa NFL, Roger Goodell, naye alikubali mshahara wake upunguzwe. Ni kweli. Lakini kupunguziwa si kufukuzwa.

Hata hivyo, Houston Comets wananiharibia hoja. Walitwaa mataji manne ya kwanza ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake, 1997 hadi 2000, na Desemba 2008 timu ikavunjwa kwa kukosa mnunuzi. Hapo mfua jezi na mchezaji walitoka mlango mmoja. Basi niseme anayeumia ni yule ambaye pesa za televisheni hazimfikii, awe na viatu vya kuchezea au beseni la kufulia. Naona nimerudi palepale.

Unaukumbuka mwaka ule mliohamia kwa shangazi yako. Sikuwahi kukusimulia wiki yangu ya mwisho ya kutunza jezi klabuni. Mdhamini alikuwa amejitoa katikati ya msimu, nikaambiwa nibandue jina lake kwenye jezi zote. Nikapasha pasi, nikavuta herufi moja moja kwa kibanio. Gundi haikutoka. Ukiinamisha jezi kwenye mwanga, jina ulilisoma vilevile. Siku ya tatu akaja mshambuliaji mpya, nikambandikia namba tisa. Ilikaa sawasawa, mwanangu, kama imefumwa na kitambaa. Mpaka leo najivunia ile tisa. Jioni nikapewa bahasha: hali ya uchumi, asante kwa utumishi wako. Jina langu walikuwa wamelikosea.

Yule kijana hana kosa, nimejiambia mara nyingi. Pesa zake huenda zilitengwa kabla ya matatizo. Huenda bila mabao yake klabu ingeshuka daraja na wengi zaidi wangeondoka. Najua. Bado sikuwahi kumshangilia.

Mama yako amenikataza kukuambia ukubali au ukatae, na ulimi unaniwasha vibaya sana. Basi nakuomba jambo moja tu. Kabla hujatia saini, waulize mkataba wa mdhamini wa kifuani unaisha lini, halafu uniandikie walivyokujibu, na nani alitazama dari.

Baba yako