Saa za ziada za kaka

SWALI: Nakata minofu ya sangara kiwandani hapa Mwanza. Kaka yangu anapakia mizigo ghalani Texas. Anahofia mapendekezo ya 2023 ya Heritage Foundation, taasisi ya kihafidhina ya Marekani, yatamlia ovataimu. Kweli?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Dada yangu, hofu yake ina msingi. Leo akizidisha saa 40 kwa wiki, hulipwa mara moja na nusu. Heritage wanapendekeza hesabu iruhusiwe kufanywa kwa wiki mbili au nne. Akipiga saa 50 wiki hii na 30 ijayo, wastani ni 40: zile kumi hazina nyongeza, na mgongo umeshauma! Lakini lazima Bunge la Marekani likubali.

Wanataka pia NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, livunjwe, na takwimu zake za hali ya hewa hutumika duniani kote. Wavuvi wetu wa dagaa, wanaotoka usiku, wanahitaji utabiri mzuri.

Kaka atunze karatasi zake za mshahara.